Nyama Chini ya Kuskusi

"Nyama yangu imefika Marseille! Nyama yangu, Badra! Mimi mwenyewe sijavuka hata geti la bandari, nyama yangu imevuka bahari bila pasipoti!"

Jumatatu asubuhi, siku ya kufua. Hajja Kheira amesimama juu ya ngazi, kilemba kimemwendea upande, simu ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata panya kwa mkia.

Chini uani, Badra ameinamia beseni. Hakuinua uso.

"Hajja, nakwambia mara ya tatu. Mimi sikutaja nyama."

"Noti alitoa nani? Si wewe?"

"Nilitoa noti asalimiwe binti yangu aliyeolewa Bel Abbès. Binti yangu, si sufuria yako!"

"Na kijembe kikafuata hapo hapo! Noti ikiwa bado ina joto la kifua chako!"

"Kifua changu kina joto kwa sababu kina moyo! Chako kina nini? Mwaka mzima umenikatia kamba ya kuanika kule darini, leo unataka unikatie na jina!"

Nyumba yetu ina ua mmoja na familia tano, na ugomvi hapa haumnyimi mtu. Mke wa dereva alitoka na kisu na viazi vyake, akaketi kizingitini kumenya. Bibi wa mlango wa kijani, ambaye haoni vizuri lakini husikia hata unachofikiri, akaomba asogezewe kiti.

"Dada yangu amenipigia kutoka huko," Hajja akaendelea, sasa akiuambia ua mzima. "Ananiambia, Kheira, siku hizi umekuwa mchoyo? Wajukuu zake wanachimba sahani kwa kijiko, wanatoa mnofu, wanacheka! Wanajipiga video! Mimi, ambaye mlango wangu haujawahi kufungwa Ijumaa!"

"Ukweli huo," akasema bibi wa mlango wa kijani.

"Mokhtaria! Usijifiche, naona miguu yako chini ya pazia! Toka. Uliimba wewe, wimbo umeuza wewe. Sema mbele ya watu: nani alilipia maneno yale?"

Nikatoka, kikombe cha kahawa mkononi. Badra akaniangalia kwa mara ya kwanza, povu limemjaa mpaka viwikoni. Macho yake yalikuwa yanasema: sema basi, mwenzangu, nitue mzigo.

Nikasema, "Hajja, siku ile kelele zilikuwa nyingi."

Maneno sita. Nimeimba maelfu ya maneno maishani mwangu, lakini hakuna yaliyoniponza kama hayo sita.

*

Mlio nami tangu mwanzo mnanijua. Kwa mgeni wa leo: mimi ni Mokhtaria wa El Hamri, Oran. Naimba kwenye sherehe za wanawake, naye Zulikha ananipigia ngoma ya dumbak. Miaka mitatu sasa nahangaika kuuza nyimbo zangu mtandaoni, mwenyewe, bila meneja.

Mmeshasoma jinsi jamaa mmoja alivyoniuzia wasikilizaji elfu kumi, kumbe wote hewa, nikafutiwa nyimbo zote. Mmesoma jinsi albamu yangu ya pili ilivyowekwa kwenye ukurasa wa mzee mmoja wa Kanada mpiga gitaa, mashabiki wake wakaniuliza kwa adabu kama mzee ana afya njema. Mmesoma pia kwamba akaunti yangu iko kwa jina la Jelul, mume wa binamu yangu huko Marseille, kwa sababu kadi za benki za kwetu kule mtandaoni zinatazamwa kama tiketi za sarakasi.

Niliishia wiki iliyopita nikishangilia. Wimbo wangu "Nilikuacha na Ufunguo" ulikuwa umelala wiki tatu na wasikilizaji arobaini na mmoja, thelathini kati yao mimi. Asubuhi moja nikafungua simu: laki mbili na elfu kumi na mbili.

Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikamwaga mafuta. Nikawapigia simu hata watu niliokosana nao.

Leo nawaambia kilichokuwa ndani ya hiyo laki mbili.

Studio za hapa mjini zimenichosha. Wananisafisha sauti mpaka nasikika kama tangazo la maji ya chupa. Kwa hiyo wimbo huu niliurekodi mwenyewe, kwenye sherehe ya hina ya mpwa wa muuza mikate. Simu niliitega ndani ya bakuli tupu la sukari, karibu na goti langu. Sura ya mtu haimo. Ni sauti tu: vigelegele, vikombe, wanawake wanavuta pumzi kabla ya kiitikio. Nilisema, hapa sasa pana uhai.

Na kwenye uhai wa sherehe zetu pana salamu. Zulikha ndiye mnadi. Mama anakuja na noti, anamnong'oneza sikioni, Zulikha anasimamisha ngoma na kunadi: salamu za fulani kwa fulani, Mungu amlinde, na jicho baya lipofuke. Wengi hulipia sifa. Wengine hulipia kijembe. Na adabu yetu ni moja: aliyepigwa kijembe ndiye acheke kuliko wote. Maneno hayo yanakufa na kahawa ya asubuhi. Hayatoki mlangoni.

Mimi niliyatoa mlangoni. Nilipoandaa wimbo niliziacha salamu zote ndani, maana bila salamu ngoma yetu ni kama mkate bila chumvi. Kwenye dakika ya sita Zulikha anasikika waziwazi:

"Na hii ni ya Hajja wa ghorofani, mwenye kuficha nyama chini ya kuskusi! Mgeni, chimba mpaka Jumamosi!"

Halafu kicheko cha wanawake sitini.

Sekunde tisa. Watu wamezikata sekunde hizo tisa tu. Marseille, Lyon, Brussels, mpaka kwetu Mostaganem, vijana wanaweka simu mezani, wanachimba kuskusi, ile ngano yetu ya chembechembe ya kupikwa kwa mvuke, mnofu unaibuka, wanapiga kelele. Dakika zangu nane za kuimba zimekuwa ganda la kutupa.

*

Saa sita mchana ile Jumatatu, simu ya kwanza ikaita. Mama wa harusi ya Alhamisi.

"Mokhtaria mwanangu, hujambo? Sisi tumeonelea tutumie spika."

"Spika? Khalti, mama yangu, binti yako tangu akiwa mdogo anasema ataimbiwa na mimi!"

"Ni kweli. Lakini spika haina masikio, mwanangu."

Akakata kwa salamu nyingi na dua.

Saa tisa, harusi ya pili. Huyo hakusema hata spika. Alisema mwanawe ameahirisha kuoa. Nikamwona bwana harusi jioni ile ile kinyozini, ananyolewa kwa ajili ya kuoa.

Ndipo nilipoelewa. Mwimbaji wa wanawake anaishi kwa kufunguliwa milango. Naingia chumba ambacho hata kaka wa bibi harusi haingii. Nasikia ya mama mkwe, nasikia ya wifi, natoka nimefunga mdomo. Sasa mji mzima unasema: Mokhtaria anarekodi.

Nikapanda kwa Hajja. Alifungua mlango kwa upana wa uso wake tu.

"Hajja, nitaushusha wimbo."

"Lini?"

"Leo."

"Leo imebaki robo," akasema, akafunga.

Nikashuka nikiwa na nia safi, wallahi. Lakini nia safi ikikutana na simu yenye laki mbili, inaanza kupata madoa. Nikafikiri: kwa nini niushushe wote? Nikate sekunde tisa, nirudishe wimbo uliobaki. Hajja atapona, nami nitabaki na watu wangu.

Nikaiandikia kampuni inayosambaza nyimbo. Nikaeleza kila kitu, hata kuskusi.

Jibu likaja baada ya dakika moja: "Mpendwa msanii, hongera kwa mafanikio yako."

Nikaandika tena: naomba kubadilisha wimbo.

"Mpendwa msanii, wimbo ukishatoka haubadilishwi. Unaweza kuushusha na kuachia mpya. Wimbo mpya huanza na wasikilizaji sifuri."

Nikauliza: kuna binadamu hapo?

"Mpendwa msanii, swali lako ni muhimu sana kwetu."

Nikaitupa simu kwenye kochi. Nikaiokota. Ilikuwa imeongeza elfu tatu.

Na hata kuushusha si kubonyeza tu. Inatakiwa namba ya siri, nayo inakwenda kwenye simu ya mwenye akaunti. Jelul.

"Shemeji, nitumie hiyo namba."

"Ya nini?"

"Nataka kuushusha wimbo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umelogwa? Kazini kwangu hata Wareno wanaimba! Msimamizi wangu ananiita Bwana Kuskusi! Miaka ishirini hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza natoka wapi. Sasa wananiuliza."

"Jelul, jirani yangu anaaibika."

"Ataaibika wiki mbili, atakuwa maarufu miaka ishirini. Kaa ulale."

Akakata. Na mimi, nawaambia nyie kwa sababu nimeapa hapa sitaficha kitu, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Nilijiambia: umejaribu, Mokhtaria, imeshindikana, si kosa lako.

*

Jumatano Zulikha akaingia kwangu bila kubisha, nywele zimelowa, anang'aa kama sinia.

"Shoga! Leo hamamu sikulipa!"

"Kwa nini?"

"Nimemwambia mama wa mlangoni, lete maji ya moto. Neno hilo tu. Akaniuliza, wewe si yule wa nyama? Wakanizunguka! Nimenadi mara nne, niko na sabuni machoni!"

Sikucheka. Yeye hakuona. Akakaa, akajimiminia kahawa yangu.

"Sasa sikiliza. Kwenye wimbo uandike Mokhtaria na Zulikha."

"Wimbo nimetunga mimi, Zulikha."

"Nani kakataa? Lakini watu wanausikiliza wimbo wako kama wanavyosikiliza simu inayoita kabla haijapokewa."

Hilo lilinichoma mahali ambapo sikujua kama bado nina nyama. Nikamwambia maneno ya ovyo. Nikamwambia dumbak lake linapigwa kama mlango wa choo. Akanijibu kwamba sauti yangu sasa imezeeka, ndiyo maana nikaitia ndani ya bakuli la sukari.

Katikati ya hayo simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka Lyon: waandaaji wa tamasha la muziki wa kwetu. Nikausoma kwa sauti, makusudi, ili Zulikha asikie.

"Tunafuatilia wimbo wako kwa furaha kubwa. Tungependa kumwalika kwenye jukwaa letu..."

Nikaishusha simu.

"Soma, shoga. Kumwalika nani?"

"...yule mama anayenadi."

Zulikha alijifuta mdomo polepole, akasimama, akajitanda haiki, shuka lake jeupe la kutokea. Mlangoni akageuka.

"Watakapouliza kule ukumbini maneno yale yalitoka kwa nani, nitajibu nini? Maana noti ya Badra ilikuwa ya binti yake. Mimi na wewe tunajua ni nani aliyeinama sikioni mwangu. Niandike jina, Mokhtaria. La sivyo nami nitakuwa na kumbukumbu nzuri."

Basi. Limeshatoka.

Badra hakulipia kijembe kile. Hakuna mtu aliyelipia. Ni mimi.

Ilikuwa dakika ya sita, ukumbi umepoa. Mashangazi wa bwana harusi walikuwa wanatazama simu zao, mmoja anapiga miayo hadharani. Kwenye bakuli la sukari simu inaendelea kurekodi, nami naisikia rekodi yangu ikifa. Nikamwinamia Zulikha. "Nadi kitu!" Akasema, "Sina noti." Nikasema, "Nadi chochote!" Akasema, "Kama nini?"

Na mdomo wangu, huu huu ninaolia nao njaa, ukatoa kitu ambacho hakuna aliyekijua ila mimi na Hajja.

*

Miaka mitano nyuma, Ramadhani ile niliyoachika, nilirudi kwenye chumba hiki cha chini na mfuko mmoja wa nguo na matari ya marehemu mama. Sikuwa na harusi hata moja. Nani anamwita aliyeachwa kuimbia bibi harusi? Wanasema ni mkosi.

Ijumaa ya kwanza, wakati wa kufuturu, mlango ukagongwa. Hajja Kheira, na bakuli la kuskusi lililofunikwa kwa kitambaa. Ijumaa anawapelekea majirani wote ila Badra, ndiyo kawaida yake. Nikafunua: maboga, karoti, dengu, kama bakuli la kila mtu. Nikala. Katikati kijiko kikagonga kitu. Bega zima la kondoo limezikwa chini.

Nikadhani amekosea bakuli. Nikapanda kumrudishia.

"Kula unyamaze," akaniambia. "Ikikaa juu, uani watasema Mokhtaria amekuwa wa kulishwa. Ikikaa chini, ni kuskusi ya jirani tu."

Alinizikia nyama kila Ijumaa mpaka nilipopata harusi ya kwanza. Miezi saba. Hakuna siku aliyoitaja.

Hiyo ndiyo niliyoitoa mimi kuchangamsha mashangazi wenye miayo.

*

Alhamisi ni siku ya Badra. Anaoka mikate ya shayiri, anapitisha sinia mlango kwa mlango, kila nyumba inachukua mmoja. Ni desturi ya tangu mama yake.

Nilimwona kupitia pazia. Mke wa dereva alisema wameshanunua. Mlango wa pili haukufunguliwa, ingawa redio ilikuwa inaimba ndani. Bibi wa mlango wa kijani akapokea, halafu binti yake akatoka mbio kuurudisha, akisema bibi meno yanamuuma.

"Bibi hana meno tangu nimwone," Badra akasema, bila hasira.

Akafika kwangu. Sinia limejaa.

"Na wewe umeshanunua?"

Nikachukua miwili. Sijui kwa nini miwili.

Badra akanishika mkono. Ulikuwa na joto la tanuri. "Mungu akufungulie, dada. Wewe angalau hukunisingizia. Ulisema kelele zilikuwa nyingi. Wengine wote wameshaapa kwamba waliniona nikinong'ona."

Nikasimama pale na mikate miwili ya moto.

"Mume wangu ameniuliza jana," akasema. "Miaka ishirini na sita, hajawahi kuniuliza jambo la wanawake. Kaniuliza, Badra, kweli ulisema? Nimemwambia sikusema. Amenyamaza tu. Kunyamaza kule, Mokhtaria, bora angenipiga."

Alipoondoka nikampigia Jelul. Sikumpamba.

"Nitumie namba. Kijembe ni changu. Nilikisema mimi, mwanamke mwingine anakibeba."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa Hajja Kheira? Yule aliyetukopesha magodoro siku ya msiba wa mama yako?"

"Huyo huyo."

"Nitafikiri," akasema Jelul, na safari hii hakucheka.

Nikakaa nikiutazama wimbo. Laki tatu na elfu themanini. Maoni elfu sita, yote nyama, nyama, nyama. Na moja katikati, la mwanamke asiye na picha: "Huyu anayeimba kabla ya nyama ni nani? Nimesimamisha gari nikalia. Sauti yake ni ya nyumba ya mama."

Nimelisoma labda mara arobaini. Miaka mitatu nimesubiri mtu mmoja aandike hivyo. Wimbo ukishushwa, maoni yote yanafutika pamoja nao. Na huyo hatajua nimekwenda wapi. Akitafuta, atakuta ukurasa mtupu. Au atamkuta mzee wa Kanada.

*

Ijumaa. Wanaume wamerudi kutoka msikitini, harufu ya mvuke wa kuskusi imejaa uani mpaka paka wametulia. Kila mlango ila wa Badra ulisubiri bakuli la Hajja. Wiki ile hapakushuka bakuli hata moja.

"Amekasirika na dunia nzima," mke wa dereva akasema.

"Amekasirika na mmoja," akajibu bibi wa mlango wa kijani. "Dunia imepitiwa tu."

Halafu sauti kutoka juu, bila kelele, bila kilemba upande:

"Mokhtaria. Panda."

Ua wote ukageuza shingo. Nikajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Ngazi zile ni kumi na nne. Kwenye ya tisa simu ikatetemeka mfukoni. Jelul.

Namba sita. Chini yake ameandika: "Inafanya kazi dakika kumi tu. Fanya unachoona. Binamu yako analia."

Nikasimama pale. Laki nne na elfu mbili. Dakika kumi. Nikiushusha wimbo, Hajja atajua nimetimiza, nami huenda nisilazimike kusema lolote zaidi. Nikisema, wimbo ukibaki au usibaki, El Hamri haitanifungulia mlango tena. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo.

Mlango wa Hajja ukafunguka. Safari hii ulifunguka wote.

Ndani, kwenye meza ya duara, Badra ameketi.

Badra! Ambaye hajavuka kizingiti kile tangu ugomvi wa kamba za dari, na kabla ya hapo pia, kwa sababu mama zao nao walikuwa hawasemezani. Kilemba safi, mikono mapajani. Ananitazama.

"Jumatatu nilimtukana huyu," Hajja akaniambia, taratibu, kama mtu anayepepeta unga. "Jumanne nikamtukana tena. Jumatano sikulala. Nikajiuliza, Kheira, wewe umepungukiwa akili? Badra ameshawahi kula kwako?"

Nikafungua mdomo.

"Ngoja. Hajala. Hata punje. Hakuna hata mmoja uani hapa anayejua ninachoweka juu na ninachoweka chini, kwa sababu wote nawawekea mboga juu, chini hakuna kitu." Akanigeukia. "Wote ila mmoja."

Simu ikatetemeka tena mkononi mwangu. Dakika saba.

"Hajja," nikasema, na sauti ile ambayo mtu amesimamisha gari akailia haikutoka. Ulitoka upepo tu.

Hajja aliingia jikoni, akarudi na sinia kubwa la udongo, akaliweka katikati ya meza. Mvuke ukapanda kati yangu na Badra. Kuskusi nyeupe, imesawazishwa kama mchanga usiokanyagwa. Maboga. Karoti. Dengu. Nyama haionekani hata kidogo.

Akaweka vijiko vitatu. Kimoja kwa Badra. Kimoja kwake. Cha tatu akanishikisha mimi mlangoni, mkono mmoja kijiko, mkono mwingine simu.

"Karibu ndani, binti yangu. Ingia ule," akasema Hajja Kheira. "Wewe ndiye unayejua pa kuchimba."